Ukimya Nilioombwa Niukate

Jumapili, alasiri. Nyakasanza, Bunia.

Mvua ilianza tulipotoka misani na sasa imebaki ile ya kudondoka tu kutoka ukingo wa mabati. Umeme hakuna. Simu hii ya pili, ya kuandikia, ina chaji ya kutosha kama nitaandika bila kuzungukazunguka, jambo ambalo sijui kama naliweza leo.

Niko peke yangu nyumbani. Wote wamekwenda kwa dada yangu Solange kumalizia chakula kilichobaki jana. Nimewaambia kichwa kinaniuma.

Kwa ninyi wachache mnaosoma kona hii isiyo na picha yangu: majina nimeyabadilisha. Mjini watu wananijua kwa sura, kwenye ule ukurasa mwingine wa video. Hapa naandika kwa Kiswahili nilichosomea Arusha, kwa sababu nyumbani tunasema kingine, na katika familia yetu sijaona mtu mwenye subira ya kusoma maneno marefu yasiyo na picha.

Jana tuliondoa matanga ya Mama Béatrice. Mume wake aliulizwa swali mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyeshika simu kurekodi jibu.

Mume wake ndiye mtu ninayempenda.

Nimeandika. Sijawahi kuliandika hilo popote.

Lazima nieleze ni nani kwetu. Solange alipofunga ndoa kanisani, wazazi walimtafutia wasimamizi, parrain na marraine kama tunavyosema hapa: Papa Anselme na mke wake, Mama Béatrice. Labda kwenu msimamizi ni mtu wa kutia sahihi na kutokea kwenye picha. Kwetu anakuwa mzazi wa pili. Wanandoa wakigombana wanakwenda kwake kabla ya kufika kwa baba. Na wadogo wa bibi harusi wote wanageuka kuwa watoto wake. Baba yangu anamwita kaka. Mimi nilianza kumwita Papa Parrain nikiwa na miaka kumi na saba. Sasa nina ishirini na sita, na yeye amemzidi mama yangu umri kwa miaka miwili.

Hakuna sheria iliyoandikwa inayotukataza. Haikuhitaji kuandikwa.

Mama Béatrice alifariki mwaka juzi, kwa ugonjwa. Hapa tunazoea kuongeza hilo, maana mtu akisikia kifo huuliza kwanza aliuawa barabara gani. Alizikwa hapa mjini. Ndugu zake wako Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, na wao ndio wanaotakiwa kuja kuondoa matanga na kumfungua mume wa dada yao. Wakapanga kuja, barabara ikaharibika. Siyo mvua iliyoiharibu, ni wenye bunduki. Wakapanga tena, tukasikia magari yamechomwa. Mwaka ukapita, ukaongezeka nusu, na Papa Anselme akabaki na shati lake jeusi na ndevu zisizonyolewa, mtu anayesubiri ruhusa ya kuendelea kuishi.

Ni katika kusubiri huko tulikutana. Naandika "tulikutana" kana kwamba hatukuwa tunajuana. Lakini ndivyo nilivyoona.

Alikuja nyumbani na simu ya marehemu ndani ya mfuko wa plastiki. Kioo kilikuwa kimepasuka na simu haikuwaka.

"Gisèle," akasema, "weye unajua mambo ya telefone. Sauti yake iko mule ndani. Naweza kuisikia tena?"

Niliipeleka kwa fundi, na simu ilipopona nikaipeleka dukani kwake, mtaa wa Lumumba, anakouza misumari, saruji na mabati. Akaniomba nisiondoke. Nikabonyeza. Mama Béatrice akasema, mzima kabisa, na kelele za soko nyuma yake: "Anselme, usisahau chumvi. Na usilete majani ya sombe ya yule mama wa jana, iko muchungu."

Papa Anselme alicheka. Halafu akakaa juu ya gunia la saruji na kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanaume wa umri ule akilia bila kugeuza uso.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Alhamisi iliyofuata nilipita kumwonyesha jinsi ya kuhifadhi zile sauti zisipotee. Alhamisi ya tatu sikuwa na sababu.

Kazi yangu, kama ni kazi, ni video. Nilianza nikitaka kuonyesha Bunia isiyo ya risasi: mama anayekaanga mandazi kando ya soko, mitindo ya kusuka, vitenge vipya, maziwa yanayoingia mjini asubuhi kutoka kwa wafugaji. Watu hutazama kidogo tu. Siku niliyoweka malori ya wakimbizi yakiingia mjini, walikuja kutoka dunia nzima, na kesho yake wakaondoka wote. Muuzaji mmoja wa wigi aliahidi tufanye kazi pamoja. Akanilipa wigi, nalo lilikuwa linanuka mafuta ya taa. Kanisani mama akiulizwa ninafanya nini siku hizi, anajibu, "Huyu iko anajitafuta," kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa mtoto wake.

Kitu kimoja nimekijua vizuri katika kazi hii, nacho ni kukata. Nakata pumzi. Nakata "eeh". Nakata kila mahali ninapotafuta neno. Mtu akiwa kwenye simu hawezi kuvumilia ukimya, kidole chake kinapita. Ndani ya video zangu mimi ni mtu asiyevuta pumzi, mwenye furaha kuanzia neno la kwanza, asiyejua kusita.

Siku moja Papa Anselme alitazama video mbili tatu, miwani kwenye ncha ya pua. Kisha akaniuliza, "Na ukiizima hii telefone, unabakiaka nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nikae na hilo swali.

Alikuwa na namna yake ya kunipa habari za dunia. Hakusema habari za redio. Alisema, "Leo mabati yametoka," au "Leo hayakutoka." Mtu anayeamini ataamka kesho mahali hapo hapo ndiye anayenunua bati. Uvumi ukianza kushuka kutoka vilimani, hakuna anayeezeka nyumba inayoweza kuchomwa, na Papa Anselme anakaa mlangoni akitazama mabati yake yanavyong'aa bure. Baada ya muda nami nikaanza kuishi hivyo. Marafiki zangu walifuata habari kwenye mitandao. Mimi nilisubiri Alhamisi.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Tulikuwa wawili dukani, na kelele juu ya paa zilikuwa kubwa mno kuweza kuongea. Huenda kama tungeweza kuongea, tusingeshikana.

Nilimwita Anselme. Jina tupu, sikioni mwake, mara moja. Alifumba macho. Kwa kila mtu mjini yeye ni Papa, muzee, patron, parrain. Tangu mke wake afe hakuna aliyemwita kwa jina tupu, isipokuwa ile sauti ndani ya simu.

Mpaka leo sijui alimsikia nani.

Baada ya hapo tulikuwa waangalifu na wenye aibu, kama watu walioiba kitu kisichokuwa na mahali pa kufichwa. Mbele ya watu nilisema Papa Parrain, naye aliniita mwanangu, na kila mmoja aliona mwenzake anavyolimeza neno. Hatukuahidiana kitu. Wiki mbili zilizopita barabara ilitulia, wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja, na ndipo akaniambia:

"Wataniuliza. Ni desturi. Wakinifungua, wataniuliza mbele ya watu kama iko mwanamuke mu roho yangu."

Nililijua hilo, lakini kama mambo unayoyajua ya watu wengine. Wakwe ndio wanaomfungua mume aliyefiwa, kwa hiyo wao ndio wenye haki ya kusikia jina jipya kabla ya mtu yeyote, hata padri. Wanauliza mara moja tu. Ukitaja jina, linapokelewa, hata kama litakoroga mambo, kwa sababu umesema kwa adabu na mahali pake. Ukikana, umekana. Ukirudi miezi michache baadaye na mwanamke, watasema alikuwepo tangu zamani, pengine tangu dada yao yuko kitandani mgonjwa. Mwanamke huyo hatakuwa mke kamwe. Atakuwa ushahidi.

"Na utajibu nini?" nikamuuliza.

"Nitajibu," akasema.

Sikumuuliza tena. Nililala na neno hilo moja wiki mbili.

Jana basi. Turubai lilitandazwa uani kwake, wageni wa Mongbwalu wakiwa wamefika juzi na vumbi hadi kwenye kope. Solange, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga kila kitu kama mtoto wa kwanza, alinisukumia kazi bila kuniuliza: "Weye uko na telefone ya muzuri. Utakamata video ya familia." Ningekataa kwa sababu gani?

Dada mkubwa wa marehemu tunamwita Tantine Georgette, yaani shangazi, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ndiye aliyeongoza. Aliponiona tu akaniita.

"Weye wa telefone! Sogea hapa. Unikamate muzuri, bwana yangu kule aone nilifika muzima. Lakini mbona umekonda hivi? Ile internet inakulaka mutu?"

"Inakulaka, Tantine."

"Basi tafuta mwanaume akulishe!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na simu ikacheka mkononi mwangu. Kwenye video picha inaonekana ikitikisika.

Papa Anselme alikuwa amekaa kwenye mkeka, bila viatu. Baba yangu alikaa kwenye kiti karibu yake, kama kaka anavyopaswa kufanya. Tantine Georgette alichukua maji kwenye beseni, akamnawisha uso na mikono, polepole, na hapo hakuwa na mzaha tena. Kisha mzaha ukarudi.

"Na hii ndevu, shemeji? Siye tulikuambia ulie. Hatukukuambia ufuge mbuzi."

Hata yeye alitabasamu. Walimnyoa kidogo kwa desturi, wakamvua shati jeusi, na kwa muda mfupi nikaona mabega yake mbele ya watu wote, na nikaona aibu kana kwamba mabega yalikuwa yangu. Wakamvika shati jeupe. Jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana.

Nilimtazama ndani ya simu. Kumtazama yeye mwenyewe sikuthubutu.

Tantine akasimama mbele yake. "Shemeji. Dada yetu tulikupa, ukamuchunga, Mungu akamuchukua. Hatuna neno na weye. Leo tunakufungua. Lakini utuambie siye wa kwanza, tusiende kusikia ku barabara. Iko mwanamuke mu roho yako?"

Papa Anselme akanyamaza.

Sikuhesabu. Ulikuwa ukimya mrefu kiasi kwamba kuku alipita katikati ya mkeka na hakuna aliyemfukuza. Papa Anselme aliwatazama wakwe. Akamtazama baba yangu, magoti yake, viatu vyake vya kanisani. Halafu akainua uso, akatazama upande wa simu. Ndani ya kioo kile kidogo alinitazama moja kwa moja, na nikajua kwamba jina langu liko pale, mdomoni, limefika kwenye meno.

"Hapana," akasema.

"Hata jina moja?"

"Hapana, shemeji. Hakuna mutu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akamwekea mkono begani. Solange, aliyesimama nyuma yangu, akaninong'oneza huku anafuta machozi, "Unaona? Muzee iko mwaminifu." Nikaendelea kurekodi. 

Baadaye, watu wakila, alipita karibu nami na sahani yake. Shati jeupe lilimfanya aonekane kijana na mgeni.

"Gisèle. Ulikamata yote?"

"Yote, Papa Parrain."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa na wazee.

Tangu jana najiuliza nilitaka nini. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu sina mahali pengine. Nilitaka ataje jina langu. Baba yangu angesimama na kiti kingeanguka. Solange angeona ndoa yake yote imechafuka, picha zake zote za harusi, ambamo mimi nimesimama na maua na Papa Anselme amesimama kama baba. Wale watu wa Mongbwalu waliopita barabara ile kwa hofu wangerudi na hadithi ambayo ingemchafua marehemu. Mama asingeniita tena mtu anayejitafuta; asingeniita kitu. Niliyajua yote hayo nikiwa nimeshika simu, na bado nilitaka. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Na simlaumu. Ningemlaumu ingekuwa rahisi zaidi. Mji huu tunaishi kwa kutosema. Jirani hamwulizi jirani alikuwa wapi miaka ile ya vita. Tunauziana chumvi, tunasalimiana, tunazikana, na amani hii iliyopo imesimama juu ya mambo ambayo kila mtu ameamua kuyameza. Papa Anselme amemeza moja zaidi. Bahati yangu mbaya ni kwamba lilikuwa mimi.

Leo asubuhi kabla ya misa Solange alinipigia. Alikuwa na furaha, amechoka vizuri.

"Video iko tayari?"

"Bado kidogo."

"Sikia. Pale Tantine anauliza na muzee ananyamaza, ukate pale. Ni murefu sana. Watu wa kundi la familia watasema alikuwa iko anachagua mwanamuke mu kichwa!" Akacheka hadi akakohoa. "Ukate tu. Swali, jibu. Weye si njo kazi yako?"

"Njo kazi yangu," nikasema. Ndiyo kazi yangu kweli.

Kwa hiyo mchana, mvua ikinyesha, nilikaa hapa kitandani na kukata. Nilitoa wageni wakitafuta viti. Nilitoa sehemu ambayo mjomba mmoja anatema mate. Nilipunguza hotuba ya baba, jambo ambalo ni kosa langu la kila mara na atalalamika. Nikafika pale.

Nikaweka kidole. Ni kitu cha mguso mmoja. Swali, halafu jibu, na mwanaume anakuwa amesema hapana bila kusita, kama watu wote wanavyotaka kumkumbuka, na pengine kama yeye mwenyewe angependa. Nikajaribu. Nikatazama. "Iko mwanamuke mu roho yako?" "Hapana." Safi kabisa. Kama video zangu. Mtu asiyevuta pumzi.

Mimi sipo tena. Hata kuku hayupo.

Nikarudisha.

Maana nikiangalia vizuri, hicho ndicho nilicho nacho. Sina picha naye, sina ujumbe wake, sina hata kipande cha karatasi chenye mwandiko wake. Kwenye ile mvua ya mawe hakukuwa na shahidi. Kitu pekee duniani kinachoonyesha kwamba niliwahi kuwa ndani ya moyo wa mtu yule ni muda aliochukua kabla ya kusema simo.

Nikaituma video hivyo hivyo, nzima, kwenye kundi la familia, kabla ya ujasiri kuisha.

Wakaanza. Mikono ya kuomba, mioyo, "pongezi kwa kamati". Tantine Georgette akatuma sauti ndefu kueleza kwamba simu yangu inanenepesha watu. Solange akaniandikia pembeni: "Hukukata."

"Sikukata."

"Ju ya nini?"

Sijamjibu. Amekuwa dada yangu maisha yangu yote na anaweza kusoma hata herufi ninazozifuta. Ataniuliza tena usoni, kesho au keshokutwa, na sijui nitakuwa na uso gani.

Kisha, muda mfupi kabla sijaanza kuandika haya, Papa Anselme naye aliandika kwenye kundi, mbele ya wote. Huwa anachukua muda kuandika, kidole kimoja, miwani mbali. Niliona anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Nilisubiri kwa muda mrefu kuliko jana.

"Nimeiona yote. Aksanti, binti yangu. Mungu akubariki."

Wengine waliweka kidole gumba chini yake. Nami nikaweka.

Mvua imeisha kabisa sasa. Nasikia watoto wa jirani wakitoka na mpira, na mama yao anawagombeza juu ya nguo za kanisani. Nimezima ile simu ya video na kukaa kidogo kuona nani anabaki. Mtu yupo. Anavuta pumzi. Hanijui vizuri bado.

Alhamisi sitapita Lumumba. Naandika ili nikisahau mnikumbushe, ninyi msionijua. Hakunifukuza, na mlango wa duka lile haunikatai. Lakini ameulizwa mara moja na amejibu, na sitaki kuwa mtu anayesubiri nyuma ya mabati jibu la pili lisilokuwepo.

Kesho asubuhi atafungua duka. Watu watakuja kuulizia bei, au watakaa majumbani kusikilizia. Mabati yatatoka au hayatatoka, na sitakuwa mimi wa kuambiwa.